Monita mpya ya kuhariri picha: kuifunga, kuipima na kuisawazisha rangi

Maswali ni yale yale. "Kwenye kompyuta picha iko safi kabisa, mbona ikisafishwa kwenye karatasi inatoka nyeusi?" Halafu: "Nimenunua monita ya bei mbaya, mbona rangi zake hazifanani na za laptop?" Jibu la yote mawili linaanzia sehemu moja. Monita haitoki kiwandani ikiwa tayari kwa kazi ya picha. Inatoka ikiwa tayari kumvutia mnunuzi dukani, chini ya taa kali, imepangwa pamoja na nyingine nyingi. Kwa hiyo inang'aa kupita kiasi, na mara nyingi weupe wake umeegemea kwenye bluu.

Wengi wanaoanza hukimbilia rangi. Lakini malalamiko mengi ya picha "kutoka nyeusi" hayahusiani na rangi, yanahusu mwangaza. Ndiyo maana hapa mwangaza unatangulia na rangi inafuata. Tenga saa moja na nusu, na nusu saa yake ni ya kusubiri tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Monita yenye paneli ya IPS inayofikia walau asilimia 95 ya sRGB, yaani seti ya rangi inayotumika kama kawaida mtandaoni. Paneli za TN hubadilika rangi ukiinua kichwa kidogo tu, kwa hiyo kuzipima ni kupoteza muda. Kama unatumia laptop peke yake, soma maelezo yake: ikiandikwa 45% NTSC (kipimo kingine cha wingi wa rangi), ina takriban thuluthi mbili tu ya rangi za sRGB. Kalibresheni, yaani huku kupima na kusawazisha, haiongezi rangi ambazo paneli haina.
- Kolorimita, yaani kifaa kidogo cha USB kinachokaa juu ya kioo na kusoma rangi. Za Calibrite na za Datacolor Spyder ndizo zinazopatikana zaidi. Ya mtumba inunue kwa tahadhari: modeli za zamani zina filta zinazochakaa kwa muda na unyevu hata zikilala kabatini, na wanaoishi pwani wanajua unyevu unavyokula vitu.
- Programu. Iliyokuja na kifaa inatosha. Ukitaka udhibiti zaidi kuna DisplayCAL, ya bure, inayoendeshwa na ArgyllCMS, mkusanyiko wa zana za kupima rangi. Toleo lake la awali liliachwa mwaka 2019, kwa hiyo tafuta toleo linaloendelezwa sasa, lililoandikwa kwa lugha ya Python 3.
- Kebo ya DisplayPort au HDMI. VGA iache.
- Pazia zito, au chumba unachoweza kukitia giza.
- UPS au stabilaiza kama umeme wa mtaani kwako unacheza. Umeme ukikatika katikati ya vipimo unaanza upya.

Hatua kwa hatua

1. Ipe monita mahali pake. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma yako wala nyuma ya monita. Likiwa nyuma yako, kioo kinaakisi. Likiwa nyuma ya monita, mboni za macho zinajikunja na kila picha unaiona nyeusi, nawe unaipandisha mwanga bila sababu. Ukuta ulio mbele yako uwe wa kijivu au mweupe usiong'aa. Ukuta wa chungwa au kijani kibichi utaharibu hukumu yako hata kama vipimo vyote viko sawa. Hata fulana nyekundu unayovaa inaakisiwa kwenye kioo, ndiyo maana wanaofanya kazi hii kila siku hupenda nguo za kijivu na nyeusi. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho, nawe ukae katikati.

2. Unganisha, kisha hakikisha kompyuta inatuma picha kamili. Chagua rezolusheni halisi ya paneli, mfano 2560 × 1440, siyo iliyo chini yake. Halafu fungua mipangilio ya kadi ya picha. Kwenye NVIDIA tafuta "Output color format" uweke RGB, na "Output dynamic range" uweke Full.

Hapa wengi huanguka bila kujua. Ukitumia HDMI, kompyuta inaweza kudhani imeunganishwa na televisheni, ikatuma viwango vya 16 hadi 235 tu badala ya 0 hadi 255. Matokeo yake nyeusi inakuwa kijivu, picha inapauka kama imefunikwa vumbi, na mtu anaongeza kontrasti kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, kutibu ugonjwa ulioko kwenye kebo. Malizana na hili kwanza, kabla hujagusa kolorimita.

3. Rudisha mipangilio ya kiwandani, halafu zima kila kinachojifanya kina akili. Kwenye menyu ya monita zima kontrasti inayojibadilisha (huitwa Dynamic Contrast, DCR au jina linalofanana na hayo), hali ya kuokoa umeme, hali ya kupunguza mwanga wa bluu, kihisi cha mwanga wa chumbani na HDR (hali ya kupanua tofauti ya mwanga na giza). Ukali wa picha uache kwenye namba ya kiwandani.

Kwenye kompyuta zima "Night light" na HDR kama ni Windows; kama ni Mac, zima "Night Shift", "True Tone" na mwangaza wa kujirekebisha. Programu kama f.lux iondoe kabisa. Kwenye laptop kuna mtego mwingine: Intel na AMD wana huduma za kuokoa betri zinazobadilisha mwangaza kulingana na picha iliyopo kwenye kioo. Ya AMD inaitwa Vari-Bright, ya Intel ni Display Power Saving. Zisipozimwa, kolorimita itakuwa inafukuza kitu kinachokimbia.

Mwisho chagua hali ya "User" au "Custom", ile inayokuruhusu kugusa nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Hali za "Vivid", "Movie", na hata ile inayoitwa "Photo", ziache.

4. Iache iwake dakika 30. Monita baridi haisomi sawa na iliyopata moto. Zima kisitiri skrini na muda wa kujizima ili isilale. Tumia muda huo kusakinisha programu na kufuta kioo kwa kitambaa kikavu cha maikrofaiba.

5. Andika malengo yako. Programu itakuuliza mambo matatu:

- Weupe: D65, yaani takriban kelvini 6500.
- Gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe: 2.2.
- Mwangaza: hupimwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba, hapa tutasema kandela tu. Kazi zako zikiishia kwenye simu na mtandaoni, weka 120. Kama unachanganya mtandao na kusafisha picha, 100. Kama karibu zote zinachapwa na chumba chako kina mwanga hafifu, shuka hadi 80 au 90.

Watu wa uchapaji watakwambia utumie D50, weupe wenye unjano zaidi. Wana sababu zao, kwa kuwa wana kabati maalumu za taa za kutazamia karatasi. Kama huna kabati hiyo, baki D65.

6. Shusha mwangaza. Laza monita nyuma kidogo ili kolorimita ilale bapa katikati ya kioo, bila mwanya wa kupitisha mwanga. Kizito kilicho kwenye waya wake kining'inie nyuma ya monita. Hakikisha umefungua kifuniko cha lenzi. Kuna wanaopima kifuniko. Taa zinazopiga kioo zizimwe.

Programu itakuonyesha namba ya mwangaza papo hapo. Monita nyingi mpya zinaanzia kandela 250 hadi 350, kwa hiyo usishtuke. Ingia kwenye menyu, shusha "Brightness" mpaka isome lengo lako. Kwa kawaida utajikuta kwenye 20 au 30 kati ya 100. "Contrast" usiiguse, yenyewe haishushi taa, inabana rangi zenyewe na kuua maelezo kwenye weupe.

Ukimaliza, kioo kitaonekana kimefifia, na mkono utakuwasha kukipandisha. Vumilia. Macho huchukua dakika kumi hivi kuzoea, baada ya hapo mwangaza wa zamani ndio utakaokuumiza.

7. Sawazisha weupe. Sasa programu inaonyesha mistari mitatu: nyekundu, kijani na bluu. Kwenye menyu ya monita anza na zote kwenye 100, au kwenye namba ya juu ilipotoka kiwandani, kisha punguza tu, usipandishe. Bluu ikiwa imezidi, ishushe mbili mbili huku ukiangalia. Kijani kiguse mwisho na kwa kiasi kidogo, kwa kuwa ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mwangaza.

Kila ukipunguza rangi mwangaza unashuka nao. Rudi hatua ya 6, ongeza kidogo, kisha tazama weupe tena. Safari mbili tatu zinatosha. Tofauti na lengo, ambayo programu inaiita Delta E, ikiwa chini ya 1, songa mbele.

Kwa nini ujisumbue na vitufe vya monita wakati programu ingeweza kusahihisha yenyewe? Kwa sababu programu inasahihisha kwa kukata viwango ndani ya kadi ya picha. Ikikata vingi, anga la jioni linatoka na mistari mistari.

8. Iache programu ipime. Kabla ya kubonyeza, chagua aina ya taa ya monita: LED nyeupe, LED ya rangi pana, au OLED. Ukikosea hapa, kolorimita inasoma weupe kimakosa na kukuachia rangi ya waridi au kijani isiyoelezeka. Aina ya profaili, yaani faili inayoieleza kompyuta jinsi monita inavyoonyesha rangi, chagua matrix, toleo la 2. Toleo la 4 bado linakorofisha baadhi ya programu. Usiguse kipanya, usiwashe taa, usifungue mlango. Kutegemea idadi ya vipimo, itachukua dakika tano hadi nusu saa.

9. Hifadhi na uhakikishe imepakiwa. Ipe profaili jina lenye modeli, mwangaza na tarehe, mfano "Monita-100cd-D65-2025-03". Kwenye Windows fungua "Color Management", chagua monita husika, weka alama kwenye "Use my settings for this device" na uone profaili yako ndiyo ya msingi. Kwenye Mac ipo kwenye mipangilio ya "Displays". Ukiwa na monita mbili, kila moja ina profaili yake. Ya moja kuipa nyingine ni kosa linalofanyika sana pale mtu anapobadilisha matundu ya kebo.

10. Thibitisha. Anza na kipengele cha uthibitisho cha programu. Wastani wa Delta E chini ya 2 ni mzuri kwa kazi ya picha. Rangi moja moja zikifika 3 au 4 usiumize kichwa. Kisha tumia macho. Fungua mteremko wa kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe: uende laini, bila mistari na bila sehemu yenye ukijani au wekundu.

Halafu fungua picha ya harusi unayoijua vizuri. Kwenye shela ya bibi harusi uone mikunjo na darizi, siyo bapa jeupe. Kwenye suti nyeusi ya bwana harusi uone ukosi ukijitenga na koti. Kisha tazama ngozi, hasa chini ya kidevu na kando ya shingo, pale kivuli kinapoanza. Ngozi nyeusi ni kipimo kikali kuliko kijivu cha programu, kwa sababu ukijani kidogo tu kwenye vivuli unamfanya mtu aonekane mgonjwa, na jicho linauona mara moja. Vivuli vikibaki na joto la kahawia, umefika.

11. Panga Photoshop na Lightroom. Kwenye Photoshop bonyeza Ctrl+Shift+K. Eneo la kazi la RGB liwe sRGB, au Adobe RGB kama unajua kwa nini unaitaka. Usichague profaili ya monita hapo. Ni kosa kubwa kuliko yote katika orodha hii: profaili ya monita ni ya mfumo wa kompyuta, programu inaichukua yenyewe. Ukiiweka kama eneo la kazi, unafuta usahihishaji wote uliotoka kuufanya. Lightroom haikuulizi chochote. Wewe kumbuka tu kutoa picha kwa sRGB ukituma mtandaoni au kwa msafishaji ambaye hajasema vinginevyo.

Kama huna kolorimita

Weupe sahihi hutaupata kwa macho, kwa sababu macho huzoea chochote unachoyaonyesha. Chagua hali ya "sRGB" ya monita kama ipo, kisha ushughulikie mwangaza, na kipimo cha mwangaza tayari unacho: kamera yako.

Jaza kioo rangi nyeupe tupu, zima taa za chumba. Weka kamera kwenye hali ya kuchagua uwazi wa lenzi, ISO 100, f/4, fidia ya mwanga kwenye sifuri. Isogeze mpaka weupe ujaze fremu yote, toa fokasi makusudi, bonyeza nusu usome kasi ya shata. Kamera ikipendekeza 1/50, kioo kina takriban kandela 100. Ikisema 1/60 ni kama 120. 1/40 ni kama 80. Ikisema 1/125 uko kwenye 250, na hapo ndipo picha zako zilipokuwa zinapotea. Kipimo hiki kinaweza kukosea kwa theluthi ya stopu hivi (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia.

Hali ya "sRGB" kwenye baadhi ya monita hufunga kitufe cha mwangaza. Ikiwa yako iko hivyo na inang'aa mno, rudi "Custom" na uchague joto la rangi la 6500K.

Ikigoma

*Rangi ni sawa, nikiwasha kompyuta upya zinarudi za zamani.* Kipakiaji cha profaili hakijaanza pamoja na Windows. Kiruhusu kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe, na usiwe na vipakiaji viwili, kwa mfano cha Spyder na cha DisplayCAL kwa pamoja, vinafutana. Baadhi ya gemu na sasisho la draiva ya kadi ya picha pia hufuta usahihishaji.

*Programu inasema lengo la mwangaza halifikiki.* Baadhi ya monita haziwezi kushuka chini ya kandela 90 au 100 hata ukifika sifuri. Weka lengo pale inapoishia. Usilazimishe kwa "Contrast".

*Picha ile ile ina rangi mbili tofauti, Photoshop na kitazamio cha kawaida.* Mara nyingi kitazamio hakisomi profaili, na kwenye monita ya rangi pana tofauti ni kubwa: nyekundu ya shuka ya Kimasai inawaka kama taa ya breki. Amini Photoshop.

*Monita mbili hazifanani hata baada ya kuzipima zote.* Kama paneli ni za aina tofauti, hazitafanana kabisa. Fanya ile bora kuwa ya rangi, nyingine ibebe paleti na folda.

*Kona moja ni ya njano au nyeusi zaidi.* Hiyo ni paneli yenyewe. Kolorimita inapima katikati tu. Ikiwa ni mpya na tofauti inaonekana wazi kwenye kijivu tupu, irudishe dukani ndani ya muda wa udhamini.

*Kwenye simu ya mteja picha ina wekundu.* Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya kukoleza rangi. Toa picha kwa sRGB na profaili ikiwa imepachikwa ndani, kisha usiifukuzie simu moja moja.

*Nimepima kila kitu, bado zinasafishwa nyeusi.* Kwanza zitazame kwenye mwanga wa dirishani usio wa jua la moja kwa moja, siyo chini ya balbu ya njano usiku. Kama bado ni nyeusi, peleka picha tatu za ukubwa wa 4 kwa 6: moja ulivyoihariri, ya pili umeipandisha theluthi ya stopu, ya tatu theluthi mbili. Mwambie msafishaji azime marekebisho ya mashine, maana mashine nyingi za kusafishia hujirekebishia zenyewe. Ile itakayofanana na kioo chako ndiyo inayokuonyesha ushushe mwangaza wa monita kwa kiasi gani: theluthi ya stopu ni kutoka kandela 100 hadi 80. Shusha, kisha rudia vipimo kuanzia hatua ya 7, na vipimo vyenyewe uvirudie kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa kuwa taa ya paneli huchakaa polepole kiasi kwamba jicho halioni.